Mahari Inaishia Mkononi mwa Nani? Ndoa, Mali na Uhuru wa Mwanamke Kuondoka

Kila mjadala wa mahari unapoanza, watu hugawanyika pande mbili kabla hata hoja ya kwanza haijamalizika. Upande mmoja husema mahari ni kumuuza binti. Upande wa pili hujibu kwamba ni shukrani kwa wazazi na heshima kwa mila, na kwamba anayeipinga ameshavimbiwa na mambo ya Wazungu. Nimeyafuatilia mabishano hayo kwa muda mrefu na sioni kama yamemsaidia mwanamke hata mmoja, kwa sababu wote wanaitazama siku ya kutoa mahari na kuisahau siku ya kuachana. Katika uzi huu naomba tuulize mambo mawili tu kuhusu kila jamii: mali inayotolewa kwa ajili ya ndoa inaishia mkononi mwa nani, na ndoa ikivunjika ni nani anayedaiwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Majibu ya maswali hayo mawili yanaeleza hali ya mke kuliko ukubwa wa mahari, kuliko dini ya wanandoa, na kuliko madai kwamba desturi fulani ni ya kale au ya kisasa.

Nianze na Uganda, kwa kuwa huko suala hili lilipanda hadi mahakama ya mwisho. Mwaka 2007 shirika la MIFUMI, lenye makao yake Tororo mashariki mwa nchi hiyo, lilifungua shauri katika Mahakama ya Katiba pamoja na walalamikaji wengine, likidai kwamba desturi ya kudai mahari kama sharti la ndoa, na ile ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika, zinapingana na Katiba ya mwaka 1995, ambayo inawapa mwanamume na mwanamke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Mwaka 2010 majaji walio wengi walilikataa dai hilo. Walalamikaji wakakata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu ambayo wengi wanaitaja bila kujua hasa ilisema nini.

Majaji hawakuifuta mahari. Walisema watu wazima wanaooana kwa hiari wanaweza kutoa na kupokea mahari bila kuvunja Katiba, na kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha mbele yao wa kuthibitisha kuwa mahari yenyewe ndiyo chanzo cha vipigo majumbani. Walichokibatilisha ni kudai irudishwe. Walieleza kwamba kurudisha mahari kunamfanya mwanamke aonekane kana kwamba alikuwa ameazimwa, kwamba hakuzingatii chochote alichokifanya katika ile ndoa, na kwamba kunaweza kumlazimisha aendelee kukaa na mume anayemtesa kwa sababu tu kwao hawana cha kurudisha.

Sababu hiyo ya mwisho inastahili kukaliwa kitako. Katika jamii za wafugaji zinazofuata ukoo wa baba, ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti hawakai zizini wakisubiri. Hao hao ndio wanaotoka tena kwenda kumwolea kaka yake, nao huko walikokwenda hutoka tena kwa ajili ya ndoa nyingine. Kwa hiyo siku binti anaporudi nyumbani na uso uliovimba, baba anayemfungulia mlango si mzazi tu, bali pia ni mdaiwa, na kaka anayemsikiliza anajua kwamba ndoa ya dada yake ikivunjika, ng'ombe waliomwolea yeye mke wataanza kutafutwa. Hakuna haja ya kudhani kwamba watu hao ni wakatili. Wanampenda binti yao, lakini mfumo umewapa sababu ya kiuchumi ya kumwambia avumilie, arudi, akalee watoto wake.

Watetezi wa desturi hiyo wana jibu, na jibu lao si la kudharauliwa. Wanasema mahari iliweka mizani: mume aliyemfukuza mkewe bila kosa alipoteza ng'ombe wake, na kwa kuwa koo mbili zilikuwa na maslahi, ugomvi ulisuluhishwa na wazee badala ya kuachiwa watu wawili wenye hasira. Ni kweli. Ndoa nyingi ziliokolewa hivyo, na wapo wanawake waliolindwa na hofu ya mume kupoteza mali yake. Lakini tazameni vizuri ilivyokaa mizani hiyo. Mume akiamua kuondoka, anahatarisha mali iliyo yake na anaweza kuamua peke yake kwamba yuko tayari kuipoteza. Mke akiamua kuondoka, anahatarisha mali ambayo hakuwahi kuishika na ambayo iko mikononi mwa watu wengine, nao ndio watakaoamua kama yuko huru. Hata angetaka kulipa gharama ya uhuru wake, hana cha kulipia.

Kabla hatujailaumu mila peke yake, tuitazame sheria ya talaka iliyoletwa Uganda na Waingereza mwaka 1904. Iliandikwa kwa kufuata sheria yao ya mwaka 1857, ambayo ilimruhusu mume kupata talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu, ilhali mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Uingereza yenyewe iliiondoa tofauti hiyo mwaka 1923. Uganda iliendelea nayo hadi Machi 2004, wakati Mahakama ya Katiba ilipokubaliana na shauri la chama cha wanasheria wanawake. Kwa miaka 81 Waganda walishikilia, kwa jina la ndoa ya kistaarabu, kanuni ambayo wenyewe walioileta walikuwa wamekwisha kuitupa.

Kuna kisa kingine cha zama hizo ambacho kila anayesema mahari ni ununuzi anapaswa kukijua. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo huko Kenya, Jaji Mkuu Hamilton alikataa kuutambua uhusiano wa ndoa ya kimila kuwa ni ndoa, akauona kuwa ni ununuzi wa mke. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwanamke aliyeolewa kimila hakupewa ile kinga ya mke ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Jaji huyo alitoka katika nchi ambayo, hadi zilipotungwa sheria za mali za wanawake walioolewa za mwaka 1870 na 1882, mwanamke alipoolewa vitu vyake vilihamia kwa mume, pamoja na mshahara wake. Caroline Norton, mwandishi aliyetengana na mumewe mwaka 1836, aligundua kwamba hata fedha alizolipwa kwa maandishi yake zilikuwa za mume kisheria. Huko hakuna ng'ombe aliyetolewa, na bado mwanamke alikuwa hana cha kuondoka nacho. Ndiyo maana sipendi kuanza na swali la kama mahari ipo au haipo.

Tanzania ilijibu kwa njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizikusanya ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, na ndani yake kuna vifungu ambavyo nadhani vingewashangaza wazee wengi wa ukoo endapo wangesomewa. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama taratibu za kimila za mahari hazikufuatwa. Kifungu cha 66 kinakataa kwamba mwanandoa ana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha 68 kinampa mjane uhuru wa kuishi anakotaka na kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe au kutoolewa kabisa, kwa kuzingatia tu edda, yaani muda wa kungoja baada ya kufiwa, kwa wanawake wa Kiislamu. Kifungu hicho kiliufunga mlango wa kumrithi mjane kama sehemu ya mali ya marehemu, angalau kwenye karatasi.

Lakini kando ya sheria hiyo zilibaki kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo serikali ilizikusanya kutoka makabila ya ukoo wa baba na kuzitangaza kwa ajili ya matumizi ya mahakama. Humo kuna taratibu ndefu za kurudisha mahari, zinazopima ni nani mwenye kosa la kuvunja ndoa na watoto wangapi wamezaliwa. Tafakarini kipimo hicho cha watoto: kila mtoto anapunguza deni. Mwanamke aliyezaa anadaiwa kidogo, na yule ambaye hakujaliwa anadaiwa kikamilifu, kana kwamba kulima, kupika, kuuguza wakwe na kuchota maji kwa miaka yote hiyo si kitu.

Jibu la hesabu hiyo lilitoka Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaostahili kuhesabiwa wakati wa kugawana mali ya ndoa, jambo ambalo mahakama za chini zilikuwa zikivutana nalo kwa miaka. Cha kusikitisha ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Wanawake waliokuja baada yake ndio waliofaidi. Miaka michache baadaye, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya akiwa Mwanza aliamua katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kama ambavyo mwanamume angeweza. Kesi hiyo haikuwa ya ndoa, lakini mwanamke mwenye shamba lake huingia kwenye ndoa na hutoka ndani yake kwa namna tofauti kabisa na asiye nalo.

Sasa tuje Pwani, ambako ndugu zangu Waislamu huwa wepesi kusema kwamba tatizo hili haliwahusu. Kwa kiasi kikubwa wana haki ya kusema hivyo. Kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 4, mahari hupewa mwanamke mwenyewe, si baba yake wala mjomba wake, na hakuna anayeruhusiwa kuila isipokuwa yeye akiridhia. Vile vinavyokwenda kwa wazee, yaani kilemba cha baba na mkaja wa mama, ni ada za kwetu zilizosimama kando ya mahari na hazichukui nafasi yake. Isitoshe, mahari inaweza kugawanywa: sehemu ikatangulizwa na sehemu ikaakhirishwa, hadi mume anapokufa au anapotoa talaka. Sehemu hiyo iliyoakhirishwa ni breki nzuri sana, kwa sababu mwanamume anayetaka kutamka talaka kwa hasira anajua kwamba neno hilo lina bei.

Hata hivyo, swali langu la pili linabaki palepale. Mwanamke akitaka kuondoka yeye, na mume hana kosa linaloweza kuthibitishwa mbele ya kadhi, njia iliyopo ni khului, nayo kwa kawaida humtaka arudishe mahari. Asili yake ni kisa cha mke wa Thabit bin Qays, aliyerudisha bustani aliyopewa. Misri ilipitisha mwaka 2000 sheria inayomruhusu mwanamke kupata khului mahakamani hata mume asiporidhia, ilimradi arudishe mahari aliyopokea na aachilie madai yake ya kifedha dhidi ya mumewe. Wengine walilaani kwamba sheria hiyo imewapa wake uhuru kupita kiasi, na wengine kwamba imewauzia wenye nacho tu. Mimi naona tofauti moja muhimu kati ya mwanamke huyo na yule wa Tororo: wa Misri anarudisha alichokipokea yeye mwenyewe, kwa hiyo uamuzi ni wake. Hahitaji kumsubiri kaka yake auze ng'ombe. Lakini pale ambapo baba aliichukua mahari akajengea, au mahari ilitajwa tu mbele ya mashahidi bila kutolewa, faida hiyo yote inayeyuka na binti wa Kiislamu anajikuta katika hali ile ile ya mwenzake wa bara. Haya hutokea, na masheikh wanayajua.

Niseme kidogo kuhusu Ghuba, kwa kuwa wapo wasomaji wetu wanaoishi huko. Falme za Kiarabu ziliona mahari zimepanda kiasi kwamba vijana wanashindwa kuoa, hivyo zikaanzisha Mfuko wa Ndoa mwaka 1992, kisha sheria ikaweka kikomo cha dirhamu 20,000 kwa mahari ya kutanguliza na 30,000 kwa iliyoakhirishwa. Kikomo hicho kinamsaidia muoaji. Sina hakika kama kinamsaidia mke, maana ile iliyoakhirishwa ndiyo ilikuwa akiba yake.

India inatupa picha iliyogeuzwa. Huko mali hutoka kwa wazazi wa binti kwenda upande wa bwana harusi, na kama hoja ya kwamba mahari ndiyo inayomdhalilisha mwanamke ingekuwa kweli, basi binti wa Kihindi, ambaye hakuna anayemlipia, angekuwa huru kuliko wote. Kilichotokea ni kinyume. Sheria ya kuzuia mali hiyo ilipitishwa mwaka 1961 na haikuheshimiwa. Mwaka 1983 ukatili wa mume na wakwe ukafanywa kosa la jinai kwa kifungu cha 498A, na mwaka 1986 kikaongezwa kifungu cha 304B, kilichohusu mwanamke anayekufa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka saba ya ndoa baada ya kusumbuliwa kwa madai ya mali. Hata baada ya hayo, takwimu rasmi za miaka ya karibuni zimeendelea kuonyesha zaidi ya vifo 6,000 vya aina hiyo kila mwaka. Nadhani sababu inaonekana tukiuliza swali letu: mali inatoka kwa ajili ya binti, lakini inaishia mkononi mwa wakwe anaoishi nao, na akiwa bado hai madai yanaweza kuongezwa. Wahindu wana desturi ya zamani ya stridhan, yaani mali ya mwanamke mwenyewe, na Mahakama ya Juu ya India ilisema mwaka 1985, katika kesi ya Pratibha Rani, kwamba mume na wakwe wanaoishika mali hiyo wanaishika kwa niaba yake na wakikataa kuirudisha wanaweza kushtakiwa. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo, pamoja na mabadiliko ya mwaka 2005 yaliyompa binti wa Kihindu sehemu sawa na kaka yake katika mali ya familia, inagusa mzizi kuliko marufuku ya 1961.

Jamii za ukoo wa mama nitazipitia kwa haraka. Miongoni mwa Wachewa wa Malawi, kwa mfano, mume ndiye aliyehamia kijijini kwa mke chini ya desturi ya chikamwini, ardhi ikapita kwa wanawake, na hapakuwa na mahari kubwa ya kurudisha. Ndoa ikishindikana, anayefunga virago ni mwanamume. Inavutia, lakini msiharakishe kushangilia, maana msimamizi wa kundi la akina dada hao ni mjomba au kaka, naye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mkono uliohama hapo ni kutoka kwa mume kwenda kwa mjomba.

Mfano unaonishughulisha zaidi uko kwetu, Mara. Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana, ambaye huzaa na mwanamume, na watoto wakawa wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Hakuna uhusiano wa kimapenzi kati ya wanawake hao. Ni ndoa ya kupata kizazi na mrithi. Wapo wanaoisifu desturi hiyo kwamba inampa mwanamke mamlaka aliyonyimwa, kwani anaishi bila kupigwa na mume na mali ya nyumba yake haipotei. Ni kweli kwa yule mkubwa. Lakini mamlaka hayo ameyapata kwa kushika ng'ombe, si kwa kuwa desturi imebadili mawazo yake kuhusu wanawake, na yule mdogo, ambaye mara nyingi anatoka kwenye familia maskini zaidi, amekaa pale pale ambapo mke yeyote aliyetolewa ng'ombe hukaa. Watoto aliowazaa si wake akiondoka. Tena Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa kuwa ni kati ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo yale mafao ya kifungu cha 114 kuhusu kugawana mali hayamfikii. Kenya walikutana na suala kama hilo kwa upande wa Wanandi, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikakubali mwaka 2011, katika shauri la Monica Jesang Katam, kwamba mwanamke aliyeolewa hivyo ana haki ya kurithi. Sijui kwa nini wanasheria wetu hawaizungumzi hukumu hiyo mara nyingi zaidi.

Kongo nayo isisahauliwe. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliifanya mahari kuwa sharti la ndoa, na papo hapo ikamtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya jambo lolote la kisheria linalomfunga. Mabadiliko ya Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo, mahari ikabaki kuwa sharti. Kwa kipimo changu hiyo ni hatua kubwa, kubwa kuliko kama wangefanya kinyume chake: mwanamke wa Lubumbashi au Bukavu anayeweza kusaini mkataba wa duka kwa jina lake ana cha kusimamia hata kama ng'ombe au dola zilishapokelewa na wajomba.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu.

Mchangiaji mmoja ameuliza kama kufuta urejeshaji si kuwafungulia mlango matapeli, yaani binti anayepokea mahari leo na kutoroka kesho. Hofu hiyo ina msingi, lakini tayari ina tiba. Kwa Tanzania, kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Kwa Waislamu, Surat Al-Baqara aya ya 237 inaeleza kwamba talaka ikitoka kabla ya wanandoa kukutana, mahari iliyotajwa hugawanywa nusu. Tofauti kati ya mchumba aliyevunja ahadi na mke aliyeishi miaka kumi na mitano inajulikana na kila mtu, na hukumu ya Uganda ilihusu huyu wa pili.

Mwingine amesema sheria ni za mjini, vijijini wanaamua wazee. Sikatai. Hata hivyo, mzee wa ukoo anayedai ng'ombe akijua kwamba mahakama itamsaidia kuwakamata anazungumza kwa sauti tofauti na yule anayejua kwamba akifika mahakamani atafukuzwa. Hukumu ya 2015 haikuondoa shinikizo la ndugu, lakini iliwanyang'anya wadai nguvu ya dola.

Ndugu aliyependekeza mahari iwe ya ishara tu, Kenya wameshaliandika hilo: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 kinasema pale mahari inapotakiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi cha ishara kinatosha. Lakini tukumbuke kwamba sheria hiyo hiyo ndiyo iliyopitishwa huku wabunge wanawake wakitoka nje ya ukumbi kwa hasira, baada ya wenzao wanaume kuondoa sharti la kumshirikisha mke wa kwanza kabla mume hajaoa mwingine. Punguza mahari upendavyo. Mke wa kwanza ambaye mali aliyochuma inagawanywa kwa nyumba ya pili bila kuulizwa hatofaidika na punguzo hilo.

Wawili wameuliza kuhusu umri, kwamba haya yote yana maana gani kwa msichana wa miaka 15. Hapa Tanzania kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi ililijibu hilo: Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani tarehe 23 Oktoba 2019, ziliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume na Katiba, na Serikali ikaagizwa kuvirekebisha. Msichana wa umri huo hawezi kushika mahari yake hata angepewa, hivyo maswali yangu mawili kwake hayana hata pa kuanzia.

La mwisho ni la dada aliyesema mume wake amefariki na mahari yake iliyoakhirishwa haijalipwa, na wakwe wanamwambia achukue fungu lake la urithi aridhike. Dada, mahari hiyo si sehemu ya urithi. Ni deni la marehemu, na madeni hulipwa kabla ya warithi kugawana chochote, kama aya ya 11 ya Surat An-Nisaa inavyoagiza. Utachukua mahari yako kwanza, kisha fungu lako la mjane katika kinachobaki. Peleka cheti cha ndoa kwa msimamizi wa mirathi, na kama kiasi hakikuandikwa, tafuta mashahidi waliokuwepo siku ya ndoa. Kwa wale ambao bado hamjafunga ndoa: mahari iliyoakhirishwa ikitajwa kwa shilingi, baada ya miaka 30 itakuwa haitoshi hata nauli. Iran waliliona hilo, na tangu mwaka 1997 sheria yao inataka mahari iliyotajwa kwa fedha ya nchi ihesabiwe upya kulingana na kupanda kwa bei siku inapolipwa. Wengi wao huiandika kwa sarafu za dhahabu. Kwetu hakuna kinachowazuia kuitaja kwa gramu za dhahabu na kuhakikisha imeandikwa hivyo hivyo kwenye cheti.